Mwaka Tulipomngoja Waziri

Wasichana wangu, mwalimu wenu alinipigia simu jana akaniambia mmefika fainali ya kitaifa ya sayansi, na kwamba hivi karibuni mtapelekwa Nairobi kukutana na wakubwa wa serikali. Akaniomba niwaandikie maneno mawili ya kuwatia moyo. Maneno mawili mimi sijui kuandika. Nilifundisha fizikia na kemia katika shule yenu hiyo, hapo karibu na Bumula, mpaka nikastaafu, na kila aliyepita mikononi mwangu atawaambia kwamba nikianza kueleza jambo, kengele ya chai hulia nikiwa bado kwenye utangulizi. Kwa hivyo kaeni vizuri.

La kwanza, kuleni. Mkiambiwa asubuhi kwamba hakuna haja ya chai kwa sababu kuna chakula huko mbele, msikubali. Wakubwa huchelewa. Sisemi kwa ubaya, ndivyo kazi yao ilivyo. Mtasimama kando ya meza yenu na sweta za shule, jua litapanda, na hicho chakula cha mbele hakiguswi mpaka mkubwa awe ameondoka. Nimewahi kuona msichana mwerevu kabisa akianguka mbele ya kamera, watu wakasema ni woga. Ilikuwa njaa.

La pili, msiazime viatu. Hilo halihitaji maelezo. Atakayeazima ataelewa kabla ya saa nne.

La tatu ndilo refu, na ndilo lililonikalisha hapa kwenye veranda yangu Kitale asubuhi yote, chai ikipoa. Ni habari ya wasichana wawili waliokwenda mahali mnapokwenda nyinyi, wakazungumza na Waziri, na Waziri akawaahidi jambo. Nitafika huko. Lakini hamtaielewa bila kujua kwanza kazi yetu ilikuwaje.

Nilipotoka chuoni kuanza kazi, nilipokelewa na Mwalimu Barasa, mkuu wa idara ya sayansi, mtu mrefu wa Myanga aliyependa kutembea maabara nzima mikono ikiwa mifukoni. Nilidhani ni maringo. Siku moja nikamwona mwanafunzi akihangaika kukaza skrubu kwenye kifaa chake, nikaichukua bisibisi nikamkazia. Mwalimu Barasa akaniita kando.

"Nasimiyu," akasema, "unajua kwa nini mimi natembea hivi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mikono yangu inawasha. Nikiona mtoto anakosea, inataka kwenda. Sasa naifunga humu ndani. Ukimkazia skrubu moja, hiyo mashine si yake tena. Na jaji akimuuliza swali atakutafuta wewe kwa macho."

Jumamosi hiyo nilikwenda kwa fundi cherehani sokoni Bumula nikashonewa sketi zenye mifuko mirefu. Nilizivaa mpaka siku ya mwisho ya kazi. Wanafunzi walikuwa wakiniita Madam Mifuko, na wakidhani sijui.

Siku hizo hatukuwa na kompyuta za kuonyesha picha ukutani. Tulikuwa na karatasi za manila na kalamu za wino mzito, na aliyekuwa na mwandiko mzuri alipendwa kama mpishi. Sasa nyinyi mna vitu vinavyong'aa, na hilo si baya, ila stima ikipotea mnasimama kama watu walioibiwa. Jifunzeni kueleza kazi yenu kwa kijiti na mchanga. Mkiweza hivyo, mengine ni mapambo.

Na msikariri. Tulikuwa na msichana mmoja aliyetengeneza sanduku la kuangulia mayai kwa joto la taa. Hotuba yake aliijua kama Baba Yetu. Tukafika mashindano ya mkoa mjini Bungoma, jaji akaja, msichana akaanza kumimina maneno. Katikati ya hotuba, yai moja nyuma yake likapasuka, kifaranga kikatoa kichwa. Jaji akakiona. Sisi sote tukakiona. Jaji akamwonyesha kwa kidole, lakini yule binti alikuwa bado kwenye sehemu ya "malengo ya utafiti wetu," na hakuna aliyemfundisha namna ya kusimama. Aliendelea mpaka "asanteni kwa kunisikiliza" huku kifaranga kikilia. Jaji alicheka mpaka akafuta miwani. Hatukushinda mwaka huo.

Sasa nije kwa wale wawili.

Mmoja alikuwa Nekesa, mtoto wa Malakisi. Baba yake alikuwa amelima tumbaku tangu ujana wake, na Nekesa alikua akilinda moto wa banda la kukaushia majani. Alikuwa mkimya. Si kwamba hakuwa na la kusema. Alikuwa na l na r zinazobadilishana nafasi kama watu wanaocheza, kama walivyo wengi wetu wa huku, na pale shuleni kulikuwa na wasichana waliolelewa mjini waliomcheka. Alisema "harafu," alisema "karamu ya wino," na kila walipocheka aliongeza siku ya kunyamaza.

Mwingine alikuwa Wambui, wa hapa Kitale. Babu na nyanya yake walikuja Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati wakati mashamba makubwa yalipogawanywa, na kwao mahindi yalikuwa maisha yote. Wambui alizungumza. Akiwa usingizini alizungumza, hivyo ndivyo mabweni yalivyosema. Niliwakalisha meza moja kwa sababu mmoja alihitaji kusikilizwa na mwingine alihitaji kusikiliza, na kwa muda mrefu nilidhani nimekosea, maana Wambui alizungumza na Nekesa akatazama dirishani.

Mpaka muhula mmoja Wambui akarudi shuleni akiwa amevimba macho. Mvua ilikuwa imewakuta na mavuno. Mahindi yao yalilala kwenye turubai uani, jua halikutoka, na yalipoingizwa ghalani yakaota kuvu. Nyanya yake alikataa kuyatupa. Walipika ugali wa mahindi yale, na mdogo wake Wambui akaugua tumbo vibaya akalazwa. Alipona, lakini Wambui alikuwa amekaa kando ya kitanda chake hospitalini muda wote wa likizo.

Alipomaliza kusimulia, Nekesa akageuka kutoka dirishani.

"Si mngeyaweka kwa banda?" akauliza.

"Banda gani?"

"Banda kama retu. Ra tumbaku. Moto unawaka nje, moshi unapita ndani ya bomba, majani hayaguswi na moshi. Yanapata joto tu."

Wambui alimtazama. Nami nikaingiza mikono mifukoni.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Walitaka kifaa cha kukaushia mahindi wakati wa mvua, kwa moto wa magunzi yenyewe, yale yanayobaki baada ya kupukuchua, ambayo kila boma linayatupa au kuyachoma bure. Moto uwe chini na nje, moshi upite kwenye bomba lake mpaka juu, hewa safi iingie kwa matundu ya chini, ipate joto kwenye bomba, ipande ikipita katikati ya mahindi yaliyolazwa juu ya wavu. Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Kwa mikono, ilikataa. Kifaa cha kwanza kiliunguza mahindi ya katikati na kuyaacha ya pembeni mabichi. Cha pili kilijaza moshi maabara mpaka wapishi wakaja na ndoo za maji. Waligombana. Wambui alisema bomba lizunguke, Nekesa akasema lisizunguke sana, moshi utachoka njiani. Nilisimama mlangoni nikiwasikiliza, mikono mfukoni ikiniuma, kwa sababu nilijua jibu. Waliligundua wenyewe baada ya majuma, na Nekesa ndiye aliyekuwa sahihi.

Kila niliposikia wakigombana vile, nilijiambia kazi hii ina taabu. Leo nikiwa hapa, nyumba kimya, ningetoa kitu kikubwa kuusikia ugomvi ule kwa dakika chache tu.

Walishinda mkoa, wakaingia fainali ya taifa. Wambui ndiye aliyezungumza kila mahali. Nekesa alishika vifaa. Katika mashindano ya mkoa alikuwa amejaribu kujibu swali moja, akasema mahindi "yanarara mvuani," na mtu mmoja huko nyuma akacheka. Tangu hapo alitikisa kichwa tu.

Baada ya fainali tukaambiwa timu bora zitaonyesha kazi zao mbele ya viongozi wa kitaifa, kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya jengo kubwa la serikali, na kwamba Waziri mwenyewe atapita meza kwa meza. Jina lake sitalitaja. Alikuwa mtu wa heshima, na nasema hivyo nikijua nitakachokisema mbele.

Asubuhi hiyo langoni, askari wa usalama alifungua mkoba wetu akakuta chupa ndogo ya unga mweupe.

"Hii ni nini?"

"Chumvi," Wambui akasema. "Ni ya kupima kama mahindi yamekauka. Unatia mahindi ndani ya chupa, unatikisa, chumvi ikishika kwenye chupa basi bado hayaja..."

"Chumvi ya nini kwa mkutano?"

Nekesa akaichukua, akamimina kidogo kiganjani, akailamba, akamtazama askari. Hata hivyo ilibaki langoni.

Halafu akaja mama wa itifaki, amevaa suti ya kijani, mwenye haraka lakini si mkali. Akaona jiko letu dogo chini ya kifaa.

"Madam, hakuna moto hapa," akaniambia. "Moto wowote. Na mbele ya Mheshimiwa mtoto mmoja tu ndiye ataongea. Dakika moja. Nani anaongea vizuri?"

Macho yote yalikwenda kwa Wambui, hata ya Nekesa.

Fikirieni kifaa cha joto bila moto. Bila moto lilikuwa sanduku la mbao lenye wavu. Wambui alianza kulia kimyakimya. Nekesa alikuwa akitazama meza ya wageni, ambako wahudumu walikuwa wakipanga vikombe. Akaondoka. Akarudi na birika kubwa la maji ya chai, la chuma, likitoa mvuke, na mhudumu mmoja nyuma yake akisema, "Wee dada, hiyo birika ni ya wageni." Nekesa akaliingiza chini ya wavu, mahali pa bomba, akafunga mlango mdogo. Akachana kipande chembamba cha karatasi ya shashi, akakifunga kwa uzi juu ya tundu la kutokea hewa. Tukangoja. Karatasi ikatikisika, ikalala, halafu ikainuka ikaanza kucheza juu ya lile tundu. Wambui akacheka na machozi yakiwa bado mashavuni.

Nilikuwa nimefundisha kwa miaka mingi kwamba hewa ya moto hupanda. Sikuwahi kuiona ikipanda vile.

Waziri alifika jua likiwa utosini, amezungukwa na watu. Wambui akaanza maelezo yake, vizuri kabisa. Lakini Waziri alikuwa akiitazama ile karatasi. Akainama, akaweka kiganja juu ya tundu.

"Joto linatoka wapi? Niliambiwa hakuna moto."

Swali hilo hatukuwa tumelitayarisha. Na macho yake yalikuwa kwa Nekesa, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika uzi. Wambui alikuwa na jibu tayari, nilimwona. Akalimeza. Akarudi nyuma hatua, akamwachia mwenzake nafasi. Wasichana, mambo mengi mtayasahau katika maisha, lakini ile hatua ya Wambui mimi sijaisahau.

"Ni birika ra chai yako, Mheshimiwa," Nekesa akasema.

Watu wakacheka, lakini safari hii si yeye aliyechekwa. Waziri naye akacheka. Akauliza swali lingine, Nekesa akajibu. Akauliza juu ya tumbaku, juu ya magunzi, juu ya mdogo wake Wambui aliyelazwa. Dakika moja ikapita, na nyingine, mama wa itifaki akawa anaangalia saa yake. Mwishowe Waziri akasema:

"Sasa niwasaidie na nini?"

Tulikuwa tumefanya mazoezi ya swali hilo. Jibu lilikuwa maabara mpya. Mwalimu Mkuu alikuwa ametuagiza hivyo. Nekesa akafikiri kidogo.

"Njoo Marakisi uone mahindi yetu yakikauka," akasema. "Hapa ni birika tu. Huko tutakuwashia moto wenyewe."

Waziri akatabasamu. "Ni Malakisi ama Marakisi?"

"Ukifika utasikia vire wenyewe wanaita."

Alicheka sana, akampa mkono. "Nitakuja," akasema. "Wakati wa mavuno nitakuja, kwanza shuleni kwenu, halafu Malakisi. Andikeni hiyo." Kijana mmoja nyuma yake akaandika.

Mkitaka kujua furaha ikoje, ni gari la shule likitoka Nairobi kurudi Bungoma na wasichana wawili waliolala wakiegemeana, midomo wazi.

Kila mtu alijua. Nekesa alikwenda kwao mwisho wa wiki, akamwambia baba yake kwamba Waziri anakuja. Baba yake akawaambia majirani. Majirani wakaambia soko. Shuleni wazazi walitoa matofali na mabati, fundi akapatikana, na tukajenga kifaa kikubwa, cha kuingiza magunia mengi kwa mara moja, pale nyuma ya maabara ambapo mnapita kwenda bwalo. Mwalimu Mkuu akaagiza kipakwe rangi nyeupe, na njia ipangwe mawe meupe. Kilipendeza. Akaagiza pia kisiwashwe mpaka mgeni afike, ili rangi isiingie masizi.

Tukangoja. Nilikuwa nikipiga simu wizarani, nikijibiwa kwa adabu. Walisema mwezi huu. Halafu wakasema mwezi ujao, Mheshimiwa yuko nje ya nchi. Wasichana walifagia ile njia kila Ijumaa. Gari lolote lililopunguza mwendo langoni, darasa zima liligeuka. Nekesa aligeuka wa kwanza na kurudi kitabuni wa mwisho.

Siku ya wazazi, baba yake akanijia. Alikuwa amevaa koti zito, na kofia ameishika mkononi.

"Mwarimu," akaniambia, "mgeni wetu amefika wapi?"

"Bado, Mzee. Wanasema karibu."

"Mimi nimefyeka mpaka barabarani," akasema. "Watu wananiuriza. Si vibaya. Lakini mtoto anaurizwa pia, na yeye ni mdogo."

Nilimtazama akienda, nikatamani ningekuwa mimi ndiye Waziri, nipande gari nimfuate mpaka kwake.

Mavuno yakaja, na mvua ikaja nayo. Ilinyesha asubuhi, ikapumzika mchana, ikanyesha tena jioni. Bumula yote ilianika mahindi na kuyaanua, kuyaanika na kuyaanua. Siku moja mama mmoja jirani wa shule, mjane aliyekuwa akituuzia mboga, alikuja langoni na gunia mgongoni, amelowa.

"Nasikia mna jiko la kukausha," akamwambia mlinzi. "Yangu yameanza kunuka."

Mlinzi akamwambia hilo ni la Waziri.

Nekesa na Wambui walikuwa wakipita kutoka bwalo. Walisimama pale mvuani wakamsikiliza. Wambui akalichukua lile gunia bila kuuliza. Nilipoletewa habari nikaenda mbio, nikawakuta mbele ya kile kifaa cheupe, Mwalimu Mkuu ameshika mwavuli.

"Wambui, hapana," Mwalimu Mkuu alikuwa akisema. "Wizara wamesema wiki ijayo. Mnataka akute masizi?"

"Madam," Wambui akamjibu, "mdogo wangu alikula mahindi kama haya."

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameipigania shule ile kwa kila namna, na rangi nyeupe ilikuwa tumaini lake la maabara. Akanigeukia mimi. "Mwalimu Nasimiyu, waambie."

Nikamwambia, "Mwalimu, tuwashe."

Aliitazama ile rangi nyeupe, maji yakitiririka kwenye mwavuli. Kisha akamshikia yule mama mwavuli, akasema, "Basi fanyeni vizuri."

Magunzi yalikuwa na unyevu, moto ukakataa. Moshi ulirudi kwenye uso wa Nekesa, akakohoa, akajaribu tena. Wambui alileta makaratasi ya manila ya mazoezi yao, yale yenye michoro, akayakunja akayatia. Moto ukashika. Bomba likaanza kulia ile sauti ya chuma kinachopata joto, na mvuke mweupe ukatoka juu, mvuke wa mahindi, unaonukia kama uji. Kabla ya jioni kulikuwa na foleni ya kina mama langoni, kila mmoja na gunia lake chini ya plastiki.

Siku iliyofuata baba yake Nekesa akatokea. Nani alimwambia, sijui. Hakusalimia watu wengi. Alikwenda moja kwa moja kwenye tundu la moto, akachuchumaa, akapunguza magunzi. "Mnarisha kama ng'ombe," akamwambia binti yake. "Kidogo kidogo." Akabaki hapo kutwa nzima. Mchana alichukua konzi ya mahindi, akatia punje kwenye chupa yenye chumvi, akatikisa, akaiinua kwenye mwanga. Chumvi haikushika. Akatia punje moja mdomoni, akaitafuna, ikalia.

Nekesa alikuwa amesimama mbele yake, uso mweusi kwa masizi, akingoja.

"Imekauka," baba akasema. Akatafuna nyingine. "Huyo mgeni wako akija, atakuta tumeanza kura."

Nekesa alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Nairobi.

Waziri hakuja. Baadaye alihamishwa wizara nyingine, na aliyechukua nafasi yake hakujua habari zetu. Nimesikia watu wakimsema vibaya, na mimi huwaambia kwamba alipouliza swali alisikiliza jibu, na kwamba alipoahidi nadhani alimaanisha. Mtu anaweza kumaanisha na bado asije. Nimelikubali hilo. Lakini siwezi kudanganya, gari likipunguza mwendo mbele ya lango langu hapa Kitale, shingo yangu bado inageuka.

Wambui ni muuguzi katika hospitali hapa mjini. Huja kwangu akitoka kazini, ananiletea maziwa, anazungumza mpaka giza linaingia, na ninamwacha. Nekesa yuko mbali, nchi ya baridi, anaunda mashine za kukausha vyakula ambavyo hata majina yake siyawezi. Baba yake bado yuko Malakisi, na bado anafyeka mpaka barabarani. Nekesa hunipigia simu Jumapili. Sauti inachelewa kidogo njiani, kwa hiyo tunazungumza kwa kupishana.

"Madam, mahindi ya huko yameanza kukauka?" ndilo swali lake la kwanza kila mwaka msimu ukifika.

"Yameanza."

"Yananukia?"

"Yananukia."

Halafu ananyamaza, nami nanyamaza, na hatukati simu. Kwake huko hakuna harufu hiyo. Na kwangu hapa kuna harufu, lakini yeye hayupo.

Mwalimu Barasa hakuniambia habari hiyo. Alinifundisha kufunga mikono mfukoni ili mtoto aende mwenyewe. Hakuniambia kwamba mtoto akijua kwenda, ataenda kweli.

Basi, nendeni Nairobi. Mtakutana na mtu mkubwa, na huenda atawaahidi kitu. Mshukuruni kwa heshima, mkirudi mwashe moto. Kifaa chenu msikipake rangi. Na mkiulizwa swali ambalo hamkulifanyia mazoezi, yule anayejua azungumze, kwa ulimi aliozaliwa nao, na mwenzake ampe nafasi.

Mkirudi, mwambieni dereva apitie Kitale. Najua si njiani, mwambieni hivyo hivyo. Alichosema mkubwa nitakisikia kwenye redio. Nyinyi njooni mniambie mlimjibu nini.